Mdomo wa Bati na Mchanga wa Kalundu

Vijana wa ofisi ya mji wameniomba niandike kidogo juu ya kazi yangu, maana sasa nimestaafu na sina shughuli isipokuwa kukaa mlangoni na kuwakosoa wapita njia. "Mzee Yoeli," wakasema, "utuachie hekima." Hekima sina. Nina koo lililokwaruzika, sikio moja zima, na kumbukumbu za watu wengi waliotaka kuchaguliwa. Kama hayo yanawafaa, someni. Kama hayafai, karatasi ni nyepesi, mtafungia karanga.

Kwa asiyenijua: kwa miaka mingi nilikuwa mtangazaji wa mji wa Uvira. Nilitangaza chanjo, kodi, kazi za salongo za lazima za kusafisha mji, mbuzi waliopotea na watu waliopatikana. Lakini zaidi nilitangaza wagombea. Kila mtu aliyeamka asubuhi akajiona anafaa kuongoza wengine alikuja kwangu kwanza, kwa sababu mimi mwenyewe niliwahi kugombea kiti cha baraza, nikashinda, na baada ya kushinda nikabaki hai. Katika Uvira ya wakati wetu watu wenye sifa zote tatu hawakuwa wengi.

Habari za mishahara na kupandishwa vyeo sitazigusa. Mshahara ulikuwa ukija kama mgeni asiyependa kulala, na cheo changu cha mwisho kilikuwa kilekile cha kwanza. Nitaanza na siku zile za uhuru, kabla sijawa mtangazaji wa mtu yeyote.

Nilikuwa fundi viatu karibu na soko la Mulongwe, tena kiongozi wa waimbaji kanisani. Sauti yangu ilikuwa kubwa kupita kipato changu. Siku moja akaja Mwalimu Sefania, aliyefundisha shule ya misheni na kujua Kifaransa hadi kukiota. Alikaa kwenye kiti cha wateja, akavua kiatu kimoja ili aonekane amekuja kwa sababu, akaniambia: "Yoeli, wazungu wanatuachia mabaraza. Watu watachaguliwa. Weye iko na sauti."

"Sauti ninayo, Mwalimu," nikamjibu. "Na akili je?"

"Akili tutaitafuta nyuma."

Ndivyo nilivyoingia katika siasa. Nasikia siku hizi watu wanasomea.

Kazi ya kutafuta kura sisi tuliiita propagande, na chombo chake cha kwanza kilikuwa mdomo wa bati. Fundi mmoja wa Kalundu alikata debe la mawese, akalikunja kwa umbo la faneli, akalifunga kwa waya. Lilinukia mawese mpaka mwisho wa maisha yake. Ninyi mnaotumia spika za betri juu ya gari hamjui raha mliyo nayo, lakini nitawapa mambo mawili ya bure. Bati likipigwa na jua la mchana linaunguza midomo, kwa hiyo ufunge kitambaa ukingoni. Na asubuhi upepo wa Uvira unashuka milimani kwenda ziwani, basi usimame ukiipa milima mgongo, maneno yatakwenda yenyewe. Mchana ukigeuka, na wewe ugeuke. Nimewaona wanasiasa wakubwa, waliotoka mbali na magari, wakihutubia dhidi ya upepo mchana kutwa, na hotuba yao yote ikirudi kuwapiga usoni. Labda ndiyo sababu walikuwa wakijisikia vizuri sana.

Kwa kuwa wengi hawakujua kusoma, kila mgombea alipewa picha yake. Mimi niliomba samaki. Wagombea wote waliomba samaki, maana ziwa liko mlangoni kwetu na hakuna aliyekuwa na wazo jingine. Bwana mkubwa wa teritware, yaani wilaya, muzungu wa mwisho kukalia kiti kile, alichoka na ubishi, akapiga kura ya bahati. Gaspari, fundi cherehani wa upande wa Kimanga, mtu mzuri mwenye kucheka haraka, akapata jembe. Mimi nikapata mwavuli.

Niliona nimebahatika. Mwavuli ni kitu cha heshima. Kumbe sikufikiri kwamba mtu akikuonyesha picha ya mwavuli kila siku, utataka kujua mwavuli wenyewe utakupa lini. Gaspari hakuulizwa majembe hata mara moja, kwa sababu kila mtu tayari alikuwa nalo na hakuna aliyetaka la pili. Mimi niliulizwa miavuli hadi siku ya kupiga kura.

Mkutano wangu wa kwanza tuliupanga Kalundu, kwa wavuvi, asubuhi mapema. Mwalimu Sefania alichagua siku ambayo shule ilikuwa imefungwa. Hapo ndipo tulipojifunza kwamba ziwa halifuati kalenda ya misheni. Wazazi wangu walishuka kutoka Lemera, kule milimani, ambako samaki anajulikana akiwa amekwisha kukauka. Mwalimu naye alizaliwa hukohuko. Kati yetu wawili hakuna aliyejua jambo ambalo kila mtoto wa ufukweni anazaliwa akilijua: ndagala, wale dagaa wa ziwa letu, wanavuliwa usiku usio na mwezi, kwa taa. Mwezi ukiwa mkubwa taa hazina kazi, wanaume wanakaa nyumbani, wanashona nyavu na kusumbua wake zao. Lakini katika siku za giza wanarudi alfajiri, wanamwaga samaki, wanalala kama magogo. Na sisi tulikwenda katikati ya siku za giza.

Nilisimama juu ya mtumbwi uliopinduliwa, nikaipa milima mgongo, nikapiga sauti: "Wanaume wa Kalundu! Saa yenu imefika!"

Hakuja mwanaume hata mmoja. Ufuko mzima ulikuwa wa wanawake, wameinama wakitandaza ndagala juu ya mchanga, mchanga wote unametameta. Mmoja akanyoosha mgongo. Alikuwa mama wa makamo, mrefu, na kitambaa chekundu kichwani. Ndiye Mama Nabintu. Mambo yote yanayofuata ni yake, mimi nimeyabeba tu.

"Banaume balilala," akasema. "Sema na sisi."

"Mama, ninyi hamna kura," nikamweleza kwa upole wa mtu anayemweleza mtoto. Ndivyo sheria ilivyokuwa: kura ilikuwa ya wanaume peke yao.

"Kura hatuna. Masikio tuko nayo. Umetuamushia mutoto, sasa useme."

Nikasema. Ningefanya nini, sauti ilikuwa tayari imetoka nyumbani. Niliwaahidi kisima, ili wasinywe maji yaleyale wanayooshea samaki. Niliwaahidi dispensari. Niliwaahidi barabara isiyomeza watu wakati wa mvua. Ahadi zilikuwa zikitoka kwa urahisi wa ajabu. Mtu ambaye hajawahi kugombea hawezi kujua jinsi ulimi unavyokuwa mlaini. Walisikiliza huku wakitandaza. Nilipomaliza, Mama Nabintu akanyoosha kidole upande wa bandari.

"Na ile?"

Hapo nikaona miti iliyochomekwa mchangani, imefungwa kamba. Mfanyabiashara mmoja wa pamba, aliyekuwa akinunua mavuno ya bondeni, Mutarule na Nyakabere na kote huko, alitaka kujenga ghala palepale, karibu na meli. Alikwisha kupima. Kama angejenga, mchanga wote wa kukaushia ungeingia ndani ya ukuta wake.

"Hatuko na fasi ingine," akasema Mama Nabintu. "Huku mawe, kule matope. Ndagala ikilala siku mbili bila jua inaoza. Ikioza, batoto habasomi, habali. Kisima yako ni muzuri, baba. Lakini mchanga njo maisha yetu."

Hakulia wala hakupandisha sauti. Wale wengine wote waliacha kutandaza wakanitazama. Nilikuwa nimetoa ahadi tatu bila kufikiri. Hii ya nne ndiyo ya kwanza niliyoitoa nikiwa naogopa. Nikashusha lile bati, nikasema kwa mdomo wangu wa kawaida: "Mchanga huu hautaguswa."

"Sawa," akasema. "Na mwavuli?"

"Mwavuli ni picha tu, Mama."

"Ulituonyesha weye mwenyewe."

Njiani Mwalimu Sefania alikuwa amekasirika hata Kifaransa kikamtoroka. "Yoeli, umehubiria watu wasiokuwa na kura. Ungehubiria mbuzi ungepata faida ileile." Siku ile nilikubaliana naye.

Mwezi ulipokuwa mkubwa tukarudi. Sasa wanaume walikuwepo, wamekaa juu ya nyavu zao. Nilikuwa sijafungua hata kinywa, mmoja akauliza: "Weye njo ule wa mchanga?" Kumbe tangu siku ile hakuna mume wa Kalundu aliyewekewa ugali bila kuwekewa mchanga pembeni. Wake zao walikuwa wamefanya propagande usiku na mchana, bila bati, bila mwalimu, na bila kuniuliza. Nilihutubia tena habari za kisima na barabara, wakanisikiliza kwa adabu kama watu wanaongoja ibada iishe.

Siku ya kupiga kura wanaume walikuja na mashati yao ya Krismasi. Mzee mmoja alitoka chumbani akiwa amekasirika; alikuwa ameweka alama kwenye mwavuli na hakuna aliyempa kitu. Jioni ilitangazwa kwamba nimeshinda. Gaspari naye alishinda upande wake, tukakumbatiana. Hivyo nikawa konseye, mjumbe wa baraza, kwa nguvu za watu ambao hawakuruhusiwa kunipigia kura. Nilitoa shukrani kwa waume zao.

Kazi ya baraza lenyewe sitaki kuwachosha nayo. Muzungu aliondoka, mtu wetu akakalia kiti kilekile, akapiga kengele ileile, na yule tarishi wa zamani akaitika vilevile. Tulijadili kwa ukali nani akae karibu na dirisha. Tulijadili kama konseye anapaswa kuvuliwa kofia. Kisima kiliingia katika mpango. Dispensari ikaingia katika mpango. Barabara pia. Mpango ule ulikuwa na tumbo, sijapata kuona. Kila kitu kiliingia na hakuna kilichotoka.

Lakini mchanga niliufuatilia. Sikuwa shujaa. Nilikuwa namwogopa Mama Nabintu, ambaye kila siku ya soko alikuja kwenye kibanda changu cha viatu, akasimama tu, akinuka ndagala, mpaka wateja wakaanza kumsalimia kama mwenye duka. Basi nikawa na mimi nasimama hivyohivyo mlangoni kwa bwana mkubwa mpya wa teritware. Alinifukuza, nikarudi. Alijificha, nikamwimbia tenzi za kanisa dirishani. Mwisho alikuja mwenyewe Kalundu, na gari lenye bendera, akang'oa ile miti kwa mkono wake mbele ya watu wote, akanishika mkono, akautikisa muda mrefu. Wanawake walipiga vigelegele. Mama Nabintu akampa beseni la ndagala wakavu. Mimi hakunipa kitu. Alisema: "Imebaki kisima, dispensari, barabara na mwavuli."

Kushikana mkono na serikali mbele ya watu: siku ile niliona ndiyo kilele cha kazi yangu. Muda si mrefu nikatamani ningekuwa nimekatwa mkono wenyewe.

Uasi ulitushukia kutoka bondeni na milimani. Vijana ambao jana walikuwa wakilima pamba walikuja na majani kichwani na dawa ya maji mwilini, ambayo waliambiwa inageuza risasi. Walikuwa na hasira, na hasira yao haikuwa ya bure. Uhuru tuliowatangazia kwa bati hawakuuona ulikopitia. Mji ukawa wao. Wakubwa wakakimbilia Burundi. Mwalimu Sefania alivuka siku ya kwanza kabisa, akaniachia ujumbe kwa jirani: ile akili tuliyosema tutaitafuta nyuma, sasa ndio wakati wake.

Mimi sikukimbia. Nilijiambia kwamba watu wananipenda. Ugonjwa huu unampata kila aliyewahi kuchaguliwa, na hauna chanjo, ningekuwa nimekwisha kuitangaza.

Walinikuta kwenye kibanda nikipigilia soli. Wakapekua, wakapata lile bati. "Hii ni ya nini?" Mtu yeyote mwenye akili angesema ni ya kumiminia mawese. Mimi nikajibu kwa fahari: "Ni ya kuhutubia." Wakanichukua, na bati likachukuliwa pamoja nami.

Uwanja wa mpira ulikuwa umejaa. Tulikaa chini jua kali, sisi tuliokuwa watu wa baraza na wa ofisi, na pembeni lilisimama lori. Gaspari alikuwa kando yangu. Komanda wao alikuwa kijana mwembamba, mwenye sauti ya chini, na kwa sababu ya sauti hiyo akachukua bati langu ili asikike. Lilikuwa limekaa juani tangu asubuhi, na kile kitambaa kilikuwa kimedondoka njiani. Akaliweka mdomoni, akaliondoa upesi. Nilijua kinachomuuma. Hakuna aliyethubutu kucheka, na mimi, mwenye ujuzi wote wa bati lile, sikuona kama ni wakati wa kutoa mafunzo.

Sheria yake ilikuwa fupi. Kila mtu alisimamishwa, na komanda akauliza watu waliojaa uwanjani: "Huyu ni muntu wa serikali ao ni muntu wa raia?" Wa raia anarudi nyumbani. Wa serikali anapanda lori. Na lori tulijua linakwenda wapi.

Gaspari akasimamishwa. Watu wake wa Kimanga walikuwa wengi, nao walimpenda kwa kweli. Wakafanya kile ambacho sisi tuliwafundisha kufanya mtu wao anaposimama: walimsifu. "Gaspari ni mukubwa! Alituletea daraja! Gavana mwenyewe alikulaka kwake!" Mmoja akaanzisha wimbo wa wakati wa kampeni, ule wa jembe, na wengine wakapokea. Walikuwa wakimwokoa. Kila mmoja alitupa sifa aliyokuwa nayo, na niliona uso wa komanda unavyotulia kadiri sifa zilivyoongezeka.

"Kama gavana alikula kwake," akasema, "basi ni muntu wa serikali."

Wimbo ulikatika. Gaspari alipopandishwa kwenye lori aliwageukia watu wake, akawainulia mkono kama anayewashukuru. Sijui kama alikuwa amekwisha kuelewa. Hakurudi. Nimewatangaza wafu wengi katika mji huu, lakini yeye sikuweza kumtangaza, na hadi leo wimbo ule wa jembe nikiusikia mahali naondoka.

Ikawa zamu yangu. Upande wa kushoto niliwaona watu wa Kalundu, wavuvi na wake zao, na nikaona mvuvi mmoja, rafiki yangu mwema, anavuta pumzi ya kunisifu.

"Huyu njo alituokolea mu..."

"Nyamaza weye!" Mama Nabintu alikuwa amekwisha kujitokeza mbele, kitambaa chekundu kichwani. "Weye unalalaka muchana kutwa, unajua nini?" Kisha akamgeukia komanda. "Baba, uniulize minye. Huyu ninamujua."

"Ni muntu wa nani?"

"Wa nani? Hata serikali ingemukataa. Huyu alikuja kwetu na hiyo bati unashika. Alituamushia batoto. Akasema kisima. Kisima iko wapi? Baba, minye ninakunywa maji ya ziwa, uangalie meno yangu. Akasema dispensari. Dada yangu alizalia mu mutumbwi. Akasema barabara. Umepita kwa barabara yetu? Umeona gari lenu lilikwama?"

Lilikuwa limekwama kweli. Askari mmoja wa komanda akaitikia kwa kichwa.

"Na mwavuli," akaendelea, na sasa sauti ilikuwa imepanda. "Alituonyesha mwavuli kila siku. Mwavuli, mwavuli, mwavuli. Hakutoa hata moja!"

"Hata moja!" wanawake wa Kalundu wakaitikia nyuma yake. Waliitikia wote, kwa mkupuo mmoja, kama walivyokuwa wakivuta kamba. Kila mmoja akaja na lake: mara nilikula ugali wa watu bure, mara mahubiri yangu yalimfukuza mbwa, mara nilishona kiatu cha mtu kikafunguka kabla hajafika nyumbani. "Muangalie viatu vyake mwenyewe," akapiga kelele bibi mmoja. "Fundi viatu, na kidole iko inje!" Uwanja ukaanza kucheka. Watu waliokuwa wamelia sasa hivi wakacheka kwa namna ya kuumiza, huku machozi yakiwa bado usoni.

Mnataka kujua nilijisikiaje? Nilikasirika. Ninasema kweli tupu. Nilikuwa nimesimama hatua chache kutoka lori lile, na kitu kilichonichoma ni kwamba dispensari ilikuwa tayari katika mpango, na hakuna aliyekuwa akilisema hilo. Mdomo wangu ulikuwa umefunguka kujitetea. Namshukuru Mungu kwamba bati lilikuwa mkononi mwa mtu mwingine.

Komanda naye akacheka, kidogo, kwa sababu ya midomo yake. "Serikali ingefanya nini na muntu kama huyu," akasema. Akanisukuma begani. "Enda ushone viatu." Kisha akafikiri, akaketi, akavua buti zake, akanipa nizishone.

Nilitoka uwanjani kidole bado kiko nje, mikononi nina buti za komanda, na nyuma yangu wanawake wakinizomea. Nilipofika nyumbani ndipo nikakaa chini, na ndipo nikaelewa. Walikuwa wametaja kila kitu tangu siku ile ya kwanza juu ya mtumbwi. Mchanga peke yake hawakuutaja, wala gari lenye bendera, wala mkono wangu katika mkono wa serikali. Wanawake wote wale, na wote waliona siku ile, na wote walipiga vigelegele. Hakuna hata mmoja aliyeteleza. Nililia sana.

Baada ya siku chache nikaenda Kalundu. Mama Nabintu alikuwa ameinama, anatandaza.

"Mama, ulinitukana," nikasema, maana sikujua nianzie wapi.

"Nilisema bongo?"

"Hapana. Uongo hukusema."

"Basi."

"Na mchanga? Hukuutaja."

"Komanda hakuuliza juu ya mchanga." Akanipa beseni. "Ukisimama hivyo unanikatia jua. Tandaza."

Askari wa serikali waliporudi na kuukamata mji tena, maswali yakageuka. Sasa walitaka kujua ni nani aliyewatumikia waasi, na mtu akakumbuka buti. Wakaenda kuuliza Kalundu. Mama Nabintu akawaambia: "Yule? Hajui hata kushona." Wakaondoka. Hivyo nimeshuhudiwa na pande zote mbili za vita kwamba sifai kitu, na nafikiri hakuna konseye mwingine katika nchi hii mwenye heshima hiyo.

Sikugombea tena. Nilichukua kazi ya kutangaza, na kila mgombea aliyekuja kwangu nilimwambia mambo yaleyale: angalia mwezi kwanza, halafu uende kwa wanawake wa mchangani, halafu ufikiri kabla ya kufungua kinywa. Walinishukuru sana, wakaenda kuchapisha picha zao. Baadaye wanawake nao wakapewa kura, wakati mgombea alikuwa mmoja tu na jibu lilikuwa linajulikana. Serikali inajua kuchagua wakati wa kuwa mkarimu.

Juzi, nilipokabidhi spika ya ofisi na kutiliwa saini kwamba sasa mimi ni mzee rasmi, nilipita sokoni Mulongwe nikanunua mwavuli. Mweusi, mkubwa, wenye mpini wa mti. Nikaupeleka Kalundu. Mama Nabintu hatandazi tena, mgongo umekataa. Anakaa pembeni mwa mchanga kwenye kiti kidogo, anawasimamia wajukuu wa kike na kuwakaripia wakijaza ndagala mahali pamoja. Ghala halikujengwa mpaka leo. Nikampa. Akaufungua, akaukagua chuma kwa chuma, akautia juu ya kichwa.

"Umechelewa," akasema.

Nikakaa chini kando yake. Nikamwambia jambo nililokuwa nimelibeba tangu uwanja ule: kwamba nilichaguliwa mara moja tu maishani, na yeye hakuwa na kura.

"Nimepiga kura mara mingi tangu ile siku," akasema. "Wananipa karatasi, ninatumbukiza. Sijaonaka kazi yake. Ile ya ku uwanja tu njo niliona. Ulirudi kwako na miguu yako."

Akanisogezea nusu ya kivuli cha mwavuli, tukakaa tukiwatazama wasichana wanatandaza, na baada ya muda akanikumbusha kwamba kisima bado.